Kumbukumbu ya mradi: akiba ya dharura nyumbani kwetu Ujiji

Mradi huu tumeuanza na maji, kwa sababu tunaishi karibu na Ziwa Tanganyika, na huku kwetu kuwa na maji mengi si kuwa na maji ya kunywa. Kuanzia mwaka 2020 ziwa lilipanda na kumeza nyumba na njia za ufukweni, na kwa kuwa mto unaolitoa maji ni mmoja tu, Lukuga, unaoanzia Kalemie upande wa Kongo, maji yakishapanda hayashuki haraka. Mafuriko yanapoingia kwenye vyoo vya shimo, visima vya jirani huchafuka, na kipindupindu hupata njia, kama kilivyozuka kijijini Kagunga, karibu na mpaka wa Burundi, mwaka 2015 wakati wakimbizi kutoka Burundi walipofurika pale.

Viwango vya kimataifa vya misaada ya dharura hutaja lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku, kwa kunywa, kupika na usafi. Sisi tuko sita, kwa hiyo siku tatu zinahitaji lita 270. Tumepata madumu 14 ya lita 20, tukayaosha kwa sabuni na kuyapanga stoo juu ya jukwaa la tofali ili yasiguse sakafu. Kila dumu lina kipande cha plasta kilichoandikwa tarehe ya kujazwa. Mama alipoiona kazi hiyo alisema, "Mwanangu, anayechota gizani hasomi tarehe," akapanga madumu ya zamani upande wa mlango na mapya ndani. Sasa kila Jumamosi dumu la mlangoni linatumika kufulia, mengine yanasogezwa, na lililojazwa upya linaingia mwisho wa mstari. Kwa maoni yangu mpangilio huu una thamani kuliko kifaa chochote tulichonunua, kwa sababu maji hayakai hadi yakasahauliwa.

Kwa maji ya kunywa tumeweka vidonge vya klorini. Maji yenye tope huchujwa kwanza kwa kitambaa safi, kidonge hutiwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kisha tunasubiri nusu saa. Karibu na vidonge kuna pakiti za chumvichumvi za kuzuia upungufu wa maji mwilini, na ukutani nimebandika kipimo cha kutengeneza nyumbani zikiisha: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa.

Chakula hakikutupa shida. Dagaa wakavu, maharage, unga wa muhogo na mawese ndivyo tunavyokula siku zote, basi tumeongeza kiasi tu.

Tetemeko ndilo linalosahaulika zaidi, ingawa tuko kwenye bonde la ufa, na lile la tarehe 5 Desemba 2005, lenye ukubwa wa 6.8, lilitokea eneo hili hili la ziwa. Kabati la vyombo nimelifunga ukutani kwa vyuma vya pembe na skrubu, na kitanda cha watoto nimekihamisha kutoka chini ya rafu. Watoto wamefundishwa kuingia chini ya meza imara na kushika mguu wake, wala wasikimbilie nje wakati tofali za juu zinaweza kudondoka.

Vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya NIDA na karatasi za kiwanja viko kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, ndani ya begi moja lenye tochi na redio ya betri. Namba 114 ya zimamoto na 112 ya polisi zimeandikwa mlangoni kwa herufi kubwa, ili hata mdogo wetu aweze kuzisoma.

Kilichobaki ni kufunga mfereji wa bati na tangi kabla ya mvua za Novemba, kisha kukubaliana na ndugu zetu wa Mwanga, hapa hapa mjini kwetu, walio mwinuko zaidi, ni vyumba gani watatupokea na ni nani atamchukua Mama.