Mbu wa misitu ya Katanga na malaria ya panya

Ukimpasua mbu wa msituni ukakuta sporozoiti (hatua ya kimelea cha malaria inayoambukiza) kwenye tezi zake za mate, usikimbilie kusema ndiye anayeambukiza watu. Kwanza ujue amekunywa damu ya nani.

Katanga, kusini mwa Kongo (DRC), ndiko jambo hili lilikoonekana wazi. Mapema miaka ya 1940 mtafiti Mbelgiji Ignace Vincke alikuta sporozoiti ndani ya Anopheles dureni, mbu wa misitu inayoambaa na mito karibu na Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Damu iliyokuwa matumboni mwao haikuwa ya binadamu, ilikuwa ya wanyama wadogo. Mwaka 1948 yeye na Marcel Lips wakampata mnyama mwenyewe: Grammomys surdaster, panya wa vichakani anayekwea miti na kutembea usiku. Kimelea cha malaria walichokuta kwake ni Plasmodium berghei (P. berghei). Panya huyo hukibeba bila kuugua sana, ilhali panya weupe wa maabara wengi hufa.

Kupasua kunataka mbu mbichi, maana akikauka tezi hukatika. Mweke kwenye tone la maji ya chumvi (0.9%), mbane kifua kwa sindano moja, kisha vuta kichwa taratibu kwa nyingine, tezi hutoka zikining'inia. Zifunike kwa kioo chembamba, zibonyeze kidogo, utazame kwa ukuzaji wa mara 400. Damu ya tumboni ipakwe kwenye karatasi ya chujio siku hiyohiyo, kwa sababu ikishameng'enywa haitambuliki tena. Kipimo cha ELISA (kinachotafuta protini) cha sporozoiti za Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria ya binadamu, nacho hudanganya, hasa kwa mbu wanaonyonya wanyama: chemsha sampuli iliyosagwa kwa nyuzi 100 dakika 10, rudia kipimo, kisha thibitisha kwa PCR (kipimo cha vinasaba). Ripoti inayoruka hatua hizi haifai kuaminiwa.

Kilichowatesa watafiti miaka mingi ni joto. Mbu waliolishwa damu yenye P. berghei walitunzwa kwenye joto linalofaa malaria ya binadamu, nyuzi 25 na zaidi, na sporozoiti hazikupatikana. Msitu wa kando ya mto, juu kwenye nyanda za Katanga, una ubaridi wake, na kimelea kimeuzoea. Katikati ya miaka ya 1960 Meir Yoeli na wenzake huko New York waliposhusha joto hadi nyuzi 19–21, mzunguko wa kimelea ndani ya mbu ulikamilika. Kwa hiyo ukifuga mbu wa kazi hii, tazama uvimbe wa vimelea kwenye ukuta wa tumbo siku ya 10, na tezi za mate kuanzia siku ya 18 hadi 21. Kipoza joto kikizima siku za mwanzo, usipoteze muda kusubiri tezi. Anza na mbu wapya.

Mwaka 1967 mtafiti Ruth Nussenzweig alidhoofisha sporozoiti za P. berghei kwa mionzi, akawakinga panya dhidi ya malaria. Kazi hiyo ndiyo iliyofungua njia hadi RTS,S, chanjo ya malaria kwa watoto iliyopendekezwa na WHO mwaka 2021.