Sentensi moja ya Eurymedon

Jana nimelala saa nane usiku kwa sababu ya mto, maana naandika makala ya vita vya kale kati ya Wayunani na Waajemi. Zamani ukiitwa Eurymedon; Waturuki leo wanauita Köprüçay, unashuka kutoka milimani na kuingia baharini kusini mwa nchi yao. Hapo, yapata mwaka 466 KK, Cimon, jemadari wa mji wa Kiyunani wa Athens, aliwapiga Waajemi majini na nchi kavu kwa siku moja.

Vita vya awali, vya Marathon, Salamis na Plataea, niliviandika bila taabu, maana Herodotus, mwanahistoria wa Kiyunani, anakushika mkono. Lakini masimulizi yake yanakomea mwaka 479 KK, mwisho wa uvamizi wa Xerxes, mfalme wa Waajemi, na ukishampita unabaki gizani na njiti moja ya kibiriti.

Njiti yenyewe ni Thucydides, mwanahistoria wa Athens aliyezaliwa miaka michache baada ya pambano. Analimaliza kwa sentensi moja: Cimon alishinda, merikebu za Wafoinike, waliowapigania Waajemi, zipatazo 200 zikatekwa na kuharibiwa. Basi. Mwenye maneno mengi ni Plutarch, mwandishi mwingine wa Kiyunani, naye aliandika zaidi ya miaka 500 baadaye, tena anakiri kwamba aliowasoma hawapatani. Ephorus alihesabu merikebu 350 za Waajemi, Phanodemus 600. Hata jemadari wa Waajemi hawakubaliani alikuwa nani.

Mimi nilikuwa nimeshachora ramani. Mishale ya bluu, mishale myekundu, kambi pale, merikebu zimetia nanga hapa. Ilipendeza kweli. Kisha nikajiuliza ule mshale wa kushoto nimeutoa wapi. Kichwani mwangu! Nikaufuta. Wa pili nao, hivyo hivyo. Nilipofika wa tatu karatasi ikachanika.

Aliyenitoa jasho zaidi ni Diodorus, naye mwanahistoria wa kale. Kwake yeye merikebu zilipigana karibu na kisiwa cha Kupro, kisha Cimon akawavika watu wake mavazi ya Kiajemi, akawapakia katika merikebu alizoteka, na giza lilipoingia akafika mtoni. Waajemi wakawapokea kama ndugu, wakachinjwa usiku huohuo. Tamu kama nini! Nikachukua uzi nikapima kwenye atlasi: kutoka ncha ya magharibi ya Kupro mpaka mdomo wa mto ni zaidi ya kilomita 200. Wapiga makasia walewale waliotoka kupigana? Sikushawishika. Kisa nimekiweka, ila nimemtaja Diodorus kwa jina, abebe mzigo wake mwenyewe.

Kinachoniuma ni upande wa pili. Si kweli kwamba Waajemi hawakuwa watu wa kuandika. Persepolis, mji wa wafalme wao, pamefukuliwa maelfu ya vibao vya udongo, vya mwaka 509 hadi 493 KK, vinavyoonyesha nani kapewa shayiri, divai au bia kiasi gani, na msafiri gani kapita njia ipi. Makarani hao hawakupoteza hata kibaba. Ila vibao hivyo vinakoma miaka mingi kabla ya vita vya Cimon, na si vya kusimulia vita. Hivyo askari wa Kiajemi aliyefia pale mtoni namwona kwa macho ya adui yake tu, na nimeliandika hilo waziwazi katikati ya makala, si pembeni.

Ramani mpya ina pwani, mto na mji wa Aspendos. Asubuhi nimemtumia rafiki yangu aipitie, akanijibu, "Sasa vita viko wapi, ndugu yangu?"

Nimemwambia asome tena ile sentensi ya Thucydides.