Huyo anayeguna nyuma ya piano ni nani?

Mara ya kwanza nilidhani kuna mtu chumbani. Ilikuwa usiku, nimelala, hedifoni masikioni, nasikiliza The Köln Concert, albamu ya mpiga piano wa jazz Keith Jarrett, kwa sababu kuna mtu alinisisitizia wee mpaka nikaona bora niisikilize yaishe, na dakika kadhaa ndani ya kipande cha kwanza nikasikia kama mtu analalamika, sauti nyembamba ya puani hivi, aaaiiii, ikapotea, ikarudi tena. Nikavua hedifoni, kimya. Nikavaa, ipo. Nikasema basi faili limeharibika, nikafuta nikapakua upya, na ile sauti ikaja palepale ilipokuja mwanzo.

Ni yeye mwenyewe. Keith Jarrett anapiga piano na huku anaguna, anaugulia, anaimba vitu visivyo na maneno, wakati mwingine anainuka kabisa kwenye kiti, anakanyaga sakafu. Na siyo usiku ule tu, amefanya hivyo maisha yake yote ya jazz, iwe peke yake au na ile trio yake ya miaka na miaka, Gary Peacock kwenye besi na Jack DeJohnette kwenye dramu.

Nilikasirika kwa kweli. Nilijiuliza kwa nini mtu mwenye vidole vile achafue kazi yake mwenyewe, na sikuwa peke yangu maana kuna watu wanaoijua jazz kuliko mimi ambao mpaka leo hawawezi kumsikiliza Jarrett kwa sababu ya hiyo sauti tu. Nawaelewa. Ila mi nimehama upande huo na nataka kueleza nimehamaje.

Ilianzia kwenye kujifunza kinanda. Mwalimu wangu wakati huo alinisikiliza nikihangaika kubuni solo, yani kipande cha kupiga peke yangu, juu ya kordi tatu (kordi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja), vidole vinakimbia, noti nyingi, akanisimamisha akaniambia imba kwanza. Imba unachotaka kupiga, halafu kipige. Nikaona aibu lakini nikaimba, na kilichotoka kilikuwa kifupi, kina mwanzo kina mwisho, kina mahali pa kupumua. Nilipokipiga kikawa muziki. Vile vilivyotangulia vilikuwa vidole tu vinapita njia vilizozizoea.

Hapo ndo nilianza kuelewa. Fikiria mpiga saksafoni au tarumbeta, yule pumzi ndo inamwongoza, ikiisha inabidi akate, avute hewa, aanze tena, kwa hiyo muziki wake unakuja kwa sentensi kama mtu anayeongea. Mpiga piano hana breki hiyo. Anaweza kwenda dakika kumi bila kupumzika na hakuna kitakachomzuia, na ndo maana piano ikipigwa na mtu asiyesikiliza inageuka kuwa mvua ya noti. Halafu kuna hili la chombo chenyewe, piano ni nyundo inagonga nyuzi, ukishagonga basi, sauti inaanza kufa palepale, huwezi kuivimbisha katikati, huwezi kuipinda kama mwimbaji anavyopinda noti kutoka chini kwenda juu. Vitufe 88 na hakuna hata kimoja kinachoweza kufanya kitu ambacho mtoto anayelia anakifanya bila kufundishwa. Sasa mtu aliyejaa wimbo kichwani, na chombo chake hakiwezi kuuvuta, ule wimbo utatokea wapi? Unatokea mdomoni.

Kuna habari ya Oscar Peterson ambayo nikiifikiria inanigusa. Huyu ni yule jitu wa Montreal, Kanada, aliyezaliwa 1925, mwenye kasi ya kutisha. Alipokuwa mtoto mdogo alikuwa anapiga tarumbeta pamoja na piano, halafu akiwa na miaka kama saba akapata kifua kikuu, tarumbeta ikaishia hapo, ikabaki piano. Sasa chukua Night Train ya 1962, yeye na Ray Brown kwenye besi na Ed Thigpen kwenye dramu, weka hedifoni, sikiliza chini ya piano. Kuna sauti nzito inanong'ona na kukimbia sambamba na mkono wa kulia, noti kwa noti karibu, kama mtu anajisomea kitu haraka haraka. Siwezi kusema ni ile tarumbeta inatafuta pa kutokea, hayo ni mawazo yangu tu, lakini kila nikimsikia akifanya vile namkumbuka yule mtoto aliyeambiwa aweke tarumbeta chini. Na alikuwa anaweza kuimba kweli huyu, mwaka 1965 alitoa albamu nzima ya kumuenzi mwimbaji Nat King Cole, With Respect to Nat, akaimba humo na sauti inafanana na ya Cole mpaka unashtuka.

Kabla yake alikuwepo Bud Powell. Bud alizaliwa New York 1924 na ndiye aliyechukua lugha ya mpiga saksafoni Charlie Parker, lugha ya saksafoni kabisa, akaileta kwenye mkono wa kulia wa piano. Sikiliza Un Poco Loco aliyoirekodia kampuni ya Blue Note 1951, mpiga dramu Max Roach anagonga kengele nyuma kama fundi, na Bud anaguna huku anapiga, sauti ya mtu anayebeba kitu kizito. Mi naona inaendana. Ukitaka piano iongee kama saksafoni lazima uipe pumzi, na pumzi ya kuipa ni yako mwenyewe. Maisha yake yalikuwa magumu sana, alipigwa na polisi kichwani 1945 akiwa bado kijana wa miaka 20, akaingia na kutoka hospitali za wagonjwa wa akili, akafa 1966 hajafika hata miaka 42. Kuna watu wanasikia ile miguno yake wanasema ni ugonjwa. Sikubali. Wangapi wameguna kabla yake na baada yake wakiwa wazima kabisa?

Erroll Garner kwa mfano, mtu mwenye furaha kupita wote kwenye piano. Concert by the Sea ilirekodiwa 19 Septemba 1955 kwenye ukumbi wa shule huko Carmel, California, na wala haikupangwa iwe albamu, ni vile tu kulikuwa na mtu na mashine ya kurekodi, halafu meneja wake Martha Glaser akaona kilichonaswa ni dhahabu akakipeleka kampuni ya rekodi ya Columbia. Sauti ya rekodi ni mbovu, piano haijakaa sawa, besi na dramu unazisikia kwa mbali mno. Lakini Garner mwenyewe unamsikia! Ananguruma, anacheka na muziki, anaanza wimbo kwa utangulizi wa ajabu ajabu ambao hata wenzake hawajui unaelekea wapi halafu ghafla anaudondosha wimbo wenyewe na unasikia mguno wa kuridhika. Albamu ile iliuzwa kweli kweli, na sidhani kuna mtu aliyeirudisha dukani kwa sababu ya mguno. Garner hakuwahi kujua kusoma noti, kila kitu kilitoka sikioni, na mtu wa namna hiyo muziki wake wote unaishi mahali palepale sauti inapoishi.

Na siyo jazz tu. Glenn Gould, Mkanada mwingine, alikuwa mpiga piano wa muziki wa Bach, yule mtunzi wa zamani wa Ujerumani, na alivumisha kwenye rekodi zake mpaka mainjinia wakachoka. Goldberg Variations za Bach alizirekodi 1955 akiwa kijana na tena 1981, mwaka mmoja kabla ya kufa, na zote mbili yumo anaimba, ile ya 1981 ndo kabisa. Mama yake ndiye aliyekuwa mwalimu wake wa kwanza na alimzoesha kuimba kila anachopiga. Kwa hiyo haikuwa tabia mbaya aliyoiokota njiani, ni mafunzo ya utotoni ambayo hayakutoka.

Lennie Tristano naye, yule mpiga piano kipofu aliyefundisha wengi New York, aliwataka wanafunzi wake waimbe solo za wapiga saksafoni Lester Young na Charlie Parker kutoka kwenye rekodi, noti zote, kabla ya kugusa chombo. Yani kuimba ndo kulikuwa somo lenyewe.

Wapiga besi wao waliamua kulifanya wazi. Slam Stewart alikuwa akipiga besi la kusimama kwa upinde huku anavumisha melodi ileile oktavi moja juu, yani noti zilezile kwa sauti nyembamba zaidi, na watu walilipia kiingilio kusikia hicho hicho. Hakuna aliyemwambia anachafua. Tofauti yake na Jarrett ni nini? Naona ni kwamba Slam alikuwa anatuimbia sisi, na Jarrett hatuimbii.

Hapo ndo pa kutazama vizuri maana watu huwa wanawachanganya hawa. Peterson ukimsikiliza anafuata noti, ukizima piano bado ungeujua wimbo. Jarrett siyo hivyo, mara nyingi sauti yake wala haiko kwenye noti anayoipiga, inateleza, inapanda, ni kilio zaidi kuliko wimbo. Na kitu kilichonifumbua macho kabisa ni hiki: akipiga Bach au Mozart, sauti karibu yote inakufa. Mtu yuleyule, mikono ileile. Alirekodi Well-Tempered Clavier ya Bach miaka ya themanini na anakaa pale kimya kama mtu mwingine. Kwa hiyo siyo kwamba hawezi kujizuia, au ana kasoro fulani mwilini. Sauti inakuja pale ambapo muziki haujaandikwa, pale anapoutafuta sekunde hiyo hiyo unapotoka. Ukiwa unasoma kitu kilichokwisha kuandikwa na mtu mwingine hauna cha kusukuma nje.

Kuna wanaosema basi mainjinia waiondoe. Haiondoki kirahisi. Maiki za piano zinakaa karibu na nyuzi, kifuniko kimeinuliwa, na kichwa cha mpigaji kiko palepale, kwa Jarrett ndo kabisa maana anainama mpaka uso unakaribia vitufe. Sauti yake inaingia kwenye maiki zilezile zinazonasa piano, na sauti ya mtu inakaa eneo lilelile la katikati ya piano, ukikata moja umekata na nyingine. Huwezi pia kumwambia arudie bila kuguna kwa sababu kilichopigwa ni cha kubuni, hakirudiwi.

Na wapo wapiga piano wakubwa waliokaa kimya, siwasahau. Bill Evans aliinamisha kichwa hadi karibu na mikono na husikii kitu ila piano, na ni mmoja wa watu waliopiga piano kwa hisia kuliko wote. Kwa hiyo sisemi kuguna ndo kipimo cha hisia. Nasema tu anayeguna, mwache.

Nirudi Köln, mji wa Ujerumani ilikorekodiwa ile albamu. Tarehe 24 Januari 1975, jumba la opera, onyesho limeanza saa tano na nusu usiku baada ya opera kwisha, mwandaaji ni binti wa miaka 18 anaitwa Vera Brandes, na piano iliyoletwa siyo iliyoombwa. Ndogo, juu inalia kama bati, chini haina nguvu, pedali zina shida. Jarrett mgongo unamuuma, hajalala vizuri, karibu akatae kupiga. Akapiga. Kwa sababu ya ubovu ule akakaa sana katikati ya piano, mkono wa kushoto unarudia kordi mbili tu, zilezile, dakika baada ya dakika, na juu yake ile sauti. Ukishajua habari ya piano ile huwezi tena kuiita uchafu. Chombo kilikuwa hakifiki mahali wimbo ulipotaka kwenda na kuna mtu alikuwa anausindikiza kwa koo lake.

Mwaka 2018 Jarrett alipata kiharusi mara mbili, upande wa kushoto ukapooza, na 2020 akasema hadharani kwamba hategemei kupiga tena mbele ya watu. Siku niliyosoma habari ile nilirudi kwenye kile kipande cha kwanza, hedifoni zilezile, usiku tena. Nilikuwa naisubiri ile aaaiiii. Kuna mahali mkono wa kushoto unazunguka na wa kulia umenyamaza kidogo kama unasita, na masikioni mwangu sauti ndo inatangulia, inapanda yenyewe, halafu mkono unaifuata. Niliirudisha pale mara nne.