Joto la maji hospitalini, tulifuatilie jamani

Kuna bakteria anaitwa lejionela, anazaliana kwenye maji ya uvuguvugu, nyuzi 20 mpaka 45 hivi, na hasa unampata kwa kuvuta matone madogo madogo ya maji, mfano ukiwa unaoga kwenye shawa, anakuletea nimonia kali, sasa fikiria mgonjwa ambaye kinga yake iko chini tayari. Alijulikana baada ya mlipuko wa 1976 hotelini Philadelphia, Marekani.

Kanuni inasema maji ya moto yatunzwe nyuzi 60, ya baridi yasifike 20. Hapa Dodoma hiyo ya baridi ni mtihani kwelikweli, tenki jeusi juu ya paa, jua la mwezi wa kumi na moja, unafungua bomba la baridi maji yanatoka kama ya kumwogeshea mtoto.

Ndo maana napenda sana hizi sensa, vifaa vidogo vya kupima joto unavyofunga juu ya bomba, zinatuma kipimo cha joto kila dakika chache kwa mtandao wa simu, zina betri yake hivyo umeme ukikatika zinaendelea. Fundi akipita na themomita mara moja kwa mwezi anaona dakika ile tu. Sensa inaonyesha mpaka bomba lisilotumika, maana maji yakipita joto linapanda au kushuka ghafla, grafu ikilala bapa siku kadhaa ujue maji yametuama humo na bakteria anapata nafasi ya kuzaliana, na hapo lazima mtu aende akafungue bomba yatoke, sensa yenyewe haiui bakteria.