Siku moja maishani mwangu: nadarizi vitambaa vya meza hapa Busia

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi malori yashaanza kunguruma kuelekea mpakani, mi nishatoa kiti barazani. Mwanga wa asubuhi ndo mwanga wangu, kuhesabu miraba midogo kwa taa kunaumiza macho na umeme wenyewe hauaminiki.

Kazi iliyopo ni kitambaa cha meza cha mama mmoja, binti yake ana kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani, mwisho wa mwezi. Anataka korongo yule wa kwenye bendera ya Uganda, mshono wa msalaba, kona zote nne. Alitaka na mwingine katikati nikamwambia mama, katikati si ndo patawekwa matoke na mabakuli ya mchuzi, nani atamwona? Tuweke pale kitambaa kinaponing'inia, mgeni akikaribia tu anamwona. Akakubali. Kona tatu tayari, ya nne imebaki shingo, kichwa na taji.

Saa mbili niko ndani ya kazi. Hii ni pamba ya kawaida, nimeinunua Kiyembe kule Kampala, haina matundu ya kuhesabu kama aida, kile kitambaa cha kudarizia, kwa hiyo juu yake nimeshikiza kanvasi ya kuchomoa, ile ya miraba 14 kwa inchi. Korongo ana miraba 42 kwa upana, yaani inchi 3. Pamba niliifua na maji moto kabla ya chochote maana pamba mpya inarudi, na ikirudi ukishadarizi picha yote inajikunyata. Na uzi mwekundu siuamini kabisa, naulowanisha kwanza naubana kwenye kitambaa cheupe na pasi ya moto, ukiacha rangi sitii kwenye kazi ya mtu.

Saa nne mtoto wa kaka yangu anakuja na aida yake ya kujifunzia. "Shangazi, mbona nianzie katikati nisianzie juu?" Kunja mara mbili mwanangu, pale mikunjo inapokutana ndo katikati, ukianzia hapo picha haiwezi kukuishia pembeni. Uzi una nyuzi sita, chomoa mbili tu. Halafu mistari ya chini yote ilale upande mmoja, ya juu yote upande wa pili, ukichanganya hata mmoja mwanga unaonyesha.

Mchana rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, naosha mikono na sabuni mara mbili, mafuta na pamba nyeupe havikai pamoja.

Saa tisa taji limeisha na sasa inakuja sehemu ninayoipenda kuliko zote. Napangusa kanvasi kwa maji, wanga wake unalainika, nachukua kibano na kuchomoa nyuzi zake mmoja mmoja kutoka chini ya misalaba, taratibu, sambamba na kitambaa, ukivuta kwenda juu unalegeza mshono. Ukitoka wa mwisho unabaki na korongo peke yake, kijivu, nyeupe ya shavu, nyekundu kidogo chini ya kidevu, taji la dhahabu, utadhani amefumwa na pamba yenyewe.

Saa kumi na moja mama mwenyewe kafika, cha kwanza kageuza nyuma, nikafurahi sana. Nyuma hakuna fundo hata moja, mikia ya uzi yote nimeipitisha chini ya mishono, maana fundo linavimba ukipiga pasi na likifumuka kwenye kufua picha inaachia. Akauliza ikimwagikiwa mchuzi je? Nikamwambia mama utumie, usikifungie kabatini, maji baridi, sabuni ya kawaida, usitie jiki, na pasi upige upande wa nyuma, juu ya taulo, misalaba isilale.

Kaagiza na napkini nane, korongo huyohuyo ila mdogo. Atakuwa miraba 28, inchi 2, na kwa udogo huo taji lote haliingii, kwa hiyo usiku huu niko na karatasi ya miraba napunguza manyoya mpaka abaki anatambulika.