Makaa ya betri yaliyowasha taa

Jumanne ya wiki iliyopita binti mmoja wa darasa la sita alinifuata mezani baada ya kipindi cha sayansi, akafungua kiganja. Mlikuwa na kijiti cheusi, kifupi kuliko kidole changu cha mwisho, na weusi wake ulikuwa umeshampaka mkono mzima. Alikichomoa kwenye betri kuukuu ya tochi ya babu yake.

"Mwalimu, nimekiunga kwenye ile sakiti yetu, taa ikawaka. Kwa hiyo hiki nacho ni metali?"

Ubaoni nyuma yangu lilikuwa bado lipo jedwali nililoliandika asubuhi ile. Kushoto metali: zinang'aa, ni ngumu, zinapitisha joto na umeme, zinafulika, zinavutika kuwa waya, zinalia zikigongwa. Kulia simetali: hazing'ai, hazipitishi, hazifuliki, na kuendelea mpaka chini. Mfano wa kwanza upande wa kulia, kwa mwandiko wangu mwenyewe, ni kaboni. Na kile kijiti ni kaboni.

Nilimwambia akitunze, tutakijadili kesho yake darasa zima. Ila usiku ule usingizi ulichelewa kuja, kwa sababu nilikumbuka jambo. Nafundisha sayansi shule za msingi mwaka wa 19 sasa, yote hapa Mbeya, na miaka ya mwanzo kabisa mvulana mmoja aliwahi kuandika kwenye mtihani kwamba makaa ya betri hupitisha umeme. Nilimkosesha. Niliweka alama ya kosa kwa kalamu nyekundu, na sikumuuliza ameyajuaje hayo. Bila shaka alikuwa ameyaona kwa macho yake, kama huyu binti.

Naandika haya kwa walimu wenzangu, na kwa mzazi ambaye mwanawe wa darasa la sita au la saba amerudi nyumbani na jedwali kama lile analikariri.

Mimi ni mtoto wa mhunzi. Baba alifua majembe, miundu na visu kijijini kwetu Mbozi, kwenye kibanda kilichozungukwa na mibuni, na kazi yangu utotoni ilikuwa kuzungusha feni aliyoiunda kwa ringi ya baiskeli. Neno metali hakulijua. Lakini sikumbuki hata siku moja akikiamini kipande cha chuma kwa kukitazama tu. Kikiletwa alikiinua kwanza, akakigonga kwenye fuawe na kusikiliza, halafu akakitia motoni ncha tu na kukipiga nyundo mbili tatu. Baada ya hapo ndipo alipotaja kitafaa kazi gani. Springi ya gari ndiyo aliyoipenda kwa visu na mapanga: ikitoka motoni nyekundu ikazamishwa majini, inakuwa ngumu mno, hata ukiiangusha yaweza kukatika. Kwa hiyo aliirudisha motoni kidogo, akiitazama rangi yake ikigeuka manjano ya nyasi kavu, kisha akaiondoa. Msumari mnene ukiufanyia hayo hayo, unabaki laini vilevile.

Sababu nilikuja kuielewa chuoni. Springi ina kaboni kama sehemu 6 katika kila sehemu 1,000. Msumari una kama sehemu 1 au 2 tu. Yaani ugumu wa kisu cha baba ulitoka kwa simetali kidogo iliyojificha ndani ya metali. Hili huwa nalisema darasani taratibu sana, kwa sababu jedwali letu linawafanya watoto wadhani makundi haya mawili ni kama timu mbili za mpira zisizochanganyika.

Yanachanganyika tangu zamani, na hapa hapa kwetu. Kabla ya chuma chakavu cha magari, wazee wetu Wanyiha, na jirani zao Wafipa, waliyeyusha mawe ya chuma wenyewe. Tanuri za Wafipa, malungu, zilijengwa kwa udongo kupita kimo cha mtu, zikavuta hewa zenyewe kupitia matundu ya chini. Mkaa uliopangwa humo pamoja na mawe ulikuwa na kazi mbili. Ulitoa joto, kisha kaboni yake ikainyang'anya oksijeni iliyokuwa imeshikamana na chuma ndani ya jiwe, ikaondoka nayo ikiwa gesi, chuma kikabaki. Ukitazama ramani ya Ludewa utaiona jozi hiyo hiyo ikiwa bado ardhini: Liganga kuna mawe ya chuma, na jirani yake Mchuchuma kuna makaa ya mawe.

Basi Jumatano nilifuta jedwali. Nilitoka na darasa nje, tukaanza na kengele.

Kengele yetu ni ringi ya lori iliyoning'inizwa kwenye mlingoti. Kila mtoto aliigonga mara moja kwa kipande cha nondo, wengine walifumba macho wausikilize mlio unavyokawia. Kisha tukagonga tofali, tukagonga bonge la mkaa. Tofali lilitoa kishindo kikafa pale pale, mkaa ulivunjika. Kijana mmoja alikumbuka safari yetu ya mwaka jana kwenda kukiona kimondo kule Mbozi, kilivyolia kilipogongwa kwa jiwe, ingawa kwa sura ni jabali jeusi tu lenye mashimo. Alikuwa sahihi kabisa. Kimondo kile kina uzito wa zaidi ya tani 10, sehemu kubwa, kama asilimia 90, ni chuma, na kinachofuata kwa wingi ni nikeli. Ndani yake kuna fosforasi na salfa kidogo pia, simetali zote mbili. Hata kilichoanguka kutoka angani kimekuja kimechanganyika.

Halafu nyundo. Tulipiga waya wa kopa, ambao kitabuni ni shaba, ukalala bapa bila kukatika. Tulipiga kipande cha salfa, kikawa unga. Hapa nilitumia muda mrefu kuliko mwongozo unavyoagiza, kwa sababu mtoto akielewa kwa nini waya unakubali kulala, mengine yote yanafuata. Niliwaambia hivi: chembe za metali zimekaa pamoja kama kijiji chenye malisho ya pamoja. Kila kaya imewaachia ng'ombe wake wa nje kabisa, wanazurura kijiji kizima, hakuna anayejua huyu wa nani. Ng'ombe hao ni elektroni. Ukikipiga kijiji nyundo, nyumba zinasogea safu kwa safu, lakini malisho ni yale yale, kwa hiyo kijiji hakisambaratiki. Ukiunga betri, ng'ombe wote wanaswagwa upande mmoja: huo ndio umeme. Na wakizurura wanabeba joto. Kwenye simetali nyingi kila ng'ombe amefungwa kamba kati ya nyumba mbili. Hakuna anayezurura, na kamba ikikatika, nyumba zimeachana.

Joto tulilipima kwa viganja. Julai asubuhi huku kwetu Uyole kila mwenye mkono anajua kwamba mguu wa chuma wa dawati unauma kwa baridi na ubao wa dawati hauumi. Watoto wote walisema chuma kina baridi zaidi. Niliazima kipimajoto, nikakigusisha chuma, nikakigusisha mbao: usomaji mmoja. Vyote vimelala darasa moja usiku kucha, vitatofautianaje? Chuma kinalinyakua joto la kiganja upesi, mbao inalichukua polepole. Naona hili ndilo jaribio bora kuliko yote kwenye mada hii, na halina gharama hata ya shilingi.

Tulipofika kwenye "metali ni ngumu", mtoto ambaye mjomba wake anachimba dhahabu Chunya alisimama. "Mwalimu, zebaki je? Inamwagika kama maji." Ndiyo, zebaki ni metali na ni kimiminika, hata friza ya kawaida haiwezi kuigandisha, mpaka baridi ifike nyuzi 39 chini ya sifuri. Nilimwomba akae, nikaliacha jedwali kidogo, kwa sababu kuna watoto wanaoiona zebaki ikishikwa kwa mikono mitupu. Zebaki hukumbatia chembe za dhahabu zilizomo kwenye mchanga, ndiyo maana wachimbaji wadogo huipenda. Baadaye huchoma donge lile ili zebaki iondoke, dhahabu ibaki. Inapoondoka haipotei. Ni mvuke usioonekana, anauvuta anayechoma na anayepika jirani yake, na huharibu ubongo na figo. Mtoto aliye tumboni ndiye anayeumia zaidi. Nilimwambia amfikishie mjomba, kwa heshima, kwamba asichomee nyumbani. Aliahidi.

Na dhahabu yenyewe ni laini. Gramu moja inaweza kufuliwa ikawa karatasi ya karibu mita moja ya mraba. Sodiamu hukatwa kwa kisu cha mezani na huelea majini, huku ikichachamaa hatari. Hiyo sikuileta wala sitaileta darasani.

Sumaku tuliipitia haraka, kwa kuwa watoto wa siku hizi wameshawaona wanunuzi wa vyuma chakavu Mwanjelwa wakitembeza sumaku juu ya rundo. Wengi hudhani sumaku hutenga metali na zisizo metali. Haifanyi hivyo. Hushika chuma na ndugu zake wawili, nikeli na kobalti, na kuwaacha wengine. Sufuria ya alumini haishikwi, waya wa kopa haushikwi, na vyote ni metali kamili.

Jaribio nililolisubiri kwa hamu lilikuwa la rozela. Hatuna karatasi za litmasi, kwa hiyo nilichemsha maua ya rozela, yakatoa maji mekundu. Nilichoma salfa kidogo nje, upande ambao upepo unatupa kisogo, nikaunasa moshi wake kwenye chupa yenye yale maji nikafunga na kutikisa: hayakugeuka kijani. Moshi wa salfa majini ni asidi. Chupa ya pili nilitia chokaa ya kupakia ukuta, ambayo ni kalisiamu, metali, iliyoungana na oksijeni na kulowekwa maji: rozela ikageuka kijani kibichi. Darasa lilipiga kelele mpaka mwalimu wa chumba cha pili akachungulia. Kwa jumla metali zikiungua huacha majivu ya aina hiyo ya pili, na simetali hutoa gesi za aina ile ya kwanza. Bibi zetu kumbe walishalitunza hili ndani ya lugha: kiberiti ndilo jina la salfa la zamani, na mpaka leo tunaliita hivyo kasha la njiti, ambazo vichwa vyake vina salfa ndani, na ubavu wa kasha una fosforasi nyekundu.

Kisha nikamwita binti na kijiti chake.

Tulikiunga mbele ya wote: betri mbili, waya, taa ndogo ya tochi. Ikawaka. Mkaa wa jikoni tuliouweka mahali pale pale haukuwasha kitu. Vyote viwili ni kaboni. Nikawarudisha kijijini. Kila chembe ya kaboni ina ng'ombe wanne wa nje. Katika grafiti, ambayo ndiyo inayofanya kazi ndani ya kijiti hiki na ndani ya penseli, watatu wamefungwa kamba na mmoja ameachiwa, anazurura kwenye safu yake. Umeme unapita. Lakini safu na safu hazijashikana kwa nguvu, zinateleza na kubanduka, ndiyo maana mikono ya binti ilikuwa myeusi na ndiyo maana penseli inaandika. Mkaa wa jikoni umevurugika ndani, safu ni vipande vipande, ng'ombe hawana njia. Katika almasi wote wanne wamefungwa.

"Kwa hiyo si metali," binti akasema.

Nikamuuliza anajuaje. Alichukua nyundo mwenyewe, akakiweka kijiti juu ya jiwe, akakipiga. Kikavunjika vipande vitatu.

(Mzazi unayesoma: betri za simu na za kuchaji zisipasuliwe kamwe, zinashika moto. Na unga mweusi ulio ndani ya zile za tochi ni manganizi, una sumu. Sisi tulikuwa tunautwanga na majani tukapakia ubao wa shule, na hakuna aliyetuambia tunawe.)

Jedwali limerudi ubaoni, ila binti na wenzake wamelichora upya kwenye bango la karatasi. Safu ni tatu sasa. Ya tatu inaitwa "Tumejaribu", na mbele ya kila kitu kuna tarehe na jina la aliyejaribu. Kaboni imeandikwa mara tatu: mkaa, grafiti, almasi. Mkaa una tarehe ya Jumatano. Grafiti ina tarehe ya Jumanne, kwa sababu binti alisisitiza kwamba aliijaribu kabla yetu, na ni kweli. Mbele ya almasi pako wazi.