Karafuu katika samli

Mwezi uliopita, hapa nyumbani Ngamiani, nilimwaga nusu ndoo ya visheti kwa sababu mafuta yake yalikuwa yamechacha, na harufu ile haifichiki hata kwa sukari. Mama mkwe aliniuliza kwa upole kwa nini sikutia karafuu chache kwenye samli ilipokuwa ikichemka, kama walivyofanya wao zamani.

Nilidhani ni suala la harufu tu. Kumbe mafuta huchacha yanapokutana na hewa ya oksijeni, hasa penye joto na mwanga, na karafuu ina yujenoli, ambayo huzikatiza chembe zinazoendeleza uharibifu huo kabla hazijaambukiza mafuta yaliyobaki. Viwandani kazi hiyo hufanywa mara nyingi na kemikali ziitwazo BHA na BHT, ingawa Umoja wa Ulaya uliruhusu kiziduo cha majani ya rozimari, chenye alama E 392, tangu mwaka 2010.

Safari hii nilinunua karafuu kavu zilizotoka milima ya Amani, nikazichemsha ndani ya samli, nikazichuja, kisha nikaiweka kando ya chupa nyingine ya samli isiyotiwa karafuu. Kipimo changu ni pua tu, si maabara, lakini wiki ya tano ile isiyo na karafuu imeanza kunuka. Ukungu ni jambo jingine: visheti vyenye unyevu vitaota ukungu, karafuu iwepo isiwepo.